Keki ya Nazi ya Siku ya Thelathini

Siku tulipomzika Habaryar Dahabo, wanaume walirudi kutoka makaburini wakaketi uani, sisi wanawake tukiwa ndani na pazia katikati, na mzee mmoja wa msikiti akaanza kumsifu marehemu. Sauti yake ilitufikia vizuri. Alisema marehemu alikuwa mkarimu, na hilo ni kweli. Alisema ulimi wake ulikuwa mkali lakini haukusengenya, na hilo ni nusu kweli, maana alisengenya kidogo, tena kwa ufundi. Kisha akasema kwamba katika umri wake wote, ukiondoa zile siku ambazo mwanamke ana udhuru wake, mama huyu hakuwahi kula mchana wa Ramadhani hata mara moja. Wanawake walionizunguka wakaitikia, “Mashallah, mashallah.” Mimi nikainamisha kichwa nikatazama vidole vyangu vya miguu. Alikula. Nilikuwapo, nimesimama ubavuni pake, nimeshika kifuniko cha sufuria. Msiba si mahali pa kumsahihisha mzee, lakini tangu siku ile jambo hilo limenikaa kooni, na mimi ni mwalimu mstaafu. Mtu aliyezoea kusahihisha hafi kabla hajasahihisha.

Habaryar, kwa Kisomali, ni mama mdogo. Nilimwita hivyo, naye akaniita Habaryar vilevile, kwa maana kwetu mkubwa humrudishia mdogo jina la udugu. Wageni wakitusikia walidhani tunataniana. Mwaka ninaousimulia ni ule niliokaa kwake nikiwa na miaka kumi na saba, katikati ya vita ambavyo serikali iliviita vya mashifta, na ambavyo sisi tuliviita kwa majina mengine, ikitegemea nani anasikiliza. Shule yangu ilikuwa imefungwa. Giza likiingia hakuna aliyeruhusiwa kutembea. Barabara zilipitika kwa msafara tu, malori yakifuatana na wanajeshi mbele na nyuma, na kitu kidogo kama kibiriti kilifika Garissa kikiwa kimesafiri kama mtu wa maana. Nyumba ya Habaryar ilikuwa na vyumba viwili vya udongo chini ya mabati. Chumbani mwake kulikuwa na kitanda cha kamba za ngozi, sanduku la mbao lenye misumari ya shaba, na redio aliyoifunika kitambaa kama mgonjwa, kwa sababu siku hizo ilitosha mtu kupita nje na kusikia stesheni isiyofaa ukaitwa ukajieleze. Kati ya chumba chake na jiko la uani hapakuwa na ukuta, ni mikeka tu. Nyumba ya mikeka haina siri. Karibu yote niliyoyajua mwaka ule niliyajua nikiwa nimeinamia sufuria, na masikio yangu yako upande wa pili.

Hivyo ndivyo nilivyomsikia yule mtu wa Balambala. Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Mume wa Habaryar, Gedi, niliyemwita Adeer, yaani ami, alikuwa amechukuliwa wiki kadhaa kabla pamoja na wanaume wengi wa mtaa wetu, baada ya lori kushambuliwa barabarani. Hakuna aliyetuambia alituhumiwa nini yeye mwenyewe. Walimweka kambini, nje ya mji, nyuma ya seng'enge, na ngamia wake wakachukuliwa pia. Tulisikia wengine wameuzwa na wengine wamepigwa risasi. Mtu wa Balambala alikuwa ameachiliwa asubuhi ile, na kabla hajashika njia ya kwake alipita kwetu kutimiza amana. Aliketi juu ya mkeka, akakataa hata mto wa kuegemea, akasema, “Naa Dahabo, mumeo hali chakula. Jua likizama anafungua kwa tende moja na maji, basi. Sahani anaisukuma. Tumemsihi, tumemkemea. Anasema, ‘Ngamia wangu wamekwisha, nile ili niende wapi?’ Wallahi, nimeona watu wakifa kwa risasi. Huyu atakufa kwa shingo ngumu.” Habaryar akamuuliza amekonda kiasi gani. Yule mtu akajizungushia mkono kiunoni. “Kikoi chake,” akasema, “sasa kinamzunguka mara mbili.”

Nilitegemea kusikia kilio. Nilisikia akimshukuru mgeni, akimwombea njia salama, akimsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akaja jikoni akachukua kisu kutoka mkononi mwangu, akaendelea kukata vitunguu vya sambusa pale nilipoishia. Alikata vyote. Alipomaliza, akasema neno moja: “Doolsho.” Nikadhani huzuni imemzidi. Doolsho ni keki. Alikuwa amejifunza kuipika Kismayu, usichana wake, nyumbani kwa shangazi yake, mahali ambapo Waitalia walikuwa wamewaachia watu tamaa ya vitu vitamu vya ngano. Yake ilikuwa ya matabaka matatu, na katikati ya kila tabaka nazi iliyopikwa kwa sukari na hiliki. Adeer Gedi alikuwa mtu wa maziwa na nyama, mtu aliyeamini mboga ni chakula cha mifugo, lakini juma la harusi yao aliletewa keki ile, akala nusu peke yake, kisha akauliza kwa heshima ni mnyama gani anayetoa kitu kama hiki. Toka hapo kila Idi ilibidi iwepo. “Nikimpelekea nyama,” Habaryar aliniambia, “ataona mbuzi wake. Nikimpelekea maziwa, ataona ngamia wake. Doolsho haitoki zizini. Hiyo labda ataila.” Tangazo lilikuwa limekwisha kutolewa kwamba jamaa za waliozuiliwa wataruhusiwa kupeleka chakula mara moja tu, asubuhi ya Idi. Kwa hiyo alikuwa na nafasi moja, na keki moja, na mume aliyekuwa akiisha kama sabuni. Nilikuwa mtoto kiasi cha kufikiri kwamba keki si kitu cha kumpelekea mtu anayekufa. Nilikuwa bado sijajua kwamba ukishindwa kumshawishi mtu aishi kwa mambo makubwa, unamshawishi kwa kijiko.

Leo nikitaka nazi naenda dukani, naletewa imekwisha kukunwa na kukaushwa, ndani ya pakiti yenye picha ya mnazi. Mwaka ule nazi ilikuwa habari. Palikuwa na dereva mmoja wa Kipokomo, Mzee Komora, aliyekuja na msafara kutoka upande wa chini wa mto, na Habaryar alimtumia ujumbe kupitia kwa kila mtu aliyekuwa na miguu. Akaleta nazi tatu, amezificha chini ya kiti, si kwa kuwa zilikatazwa bali kwa kuwa kila kizuizi kilikuwa na askari mwenye hamu. Alipomkabidhi, akamuuliza kama ana mbuzi, akimaanisha kile kigoda cha kukunia nazi. Habaryar akajibu kwa uso mkavu, “Mbuzi wote wako kwa serikali, mzee.” Komora alicheka mpaka akashika mlango, na yeye Habaryar akacheka pia, mara ya kwanza nilipomwona akicheka tangu Adeer achukuliwe. Tulikunia kopo la samli lililotobolewa kwa msumari, na nilikuna ngozi ya vidole pamoja na nazi. Mayai nayo yalikuwa na safari yake. Watu wetu wa siku zile hawakufuga kuku. Kuku tulimwona kama ndege aliyepotea njia. Mayai yalipatikana kwenye laini za askari, kwa wake zao waliotoka bara, na watu wa mtaa wetu walikuwa wameacha kwenda huko. Habaryar alikwenda. Alikwenda mchana, kwa njia kubwa, amejitanda mtandio wake mzuri, na kopo la samli kichwani, akabadilishana na Mama Mueni, Mkamba mnene mwenye maneno machache, mke wa Koplo Mwendwa aliyelinda kambi. Jirani yetu Faduma, ambaye mumewe pia alikuwa kambini, alitema mate chini tulipopita. “Umekwenda kununua kwao?” akauliza. Habaryar akamjibu, “Kuku hana kabila, abaayo, dada yangu.”

Alianza kupika siku ya ishirini na tisa, baada ya sala ya adhuhuri, kwa sababu mwezi ukionekana jioni ile kesho yake ingekuwa Idi. Nataka niwaeleze alivyofanya, maana nimekula keki nyingi tangu wakati huo, za harusi na za wakubwa, na sijamwona mpishi mwingine wa namna yake. Hamira hakutia. Kilichoinua keki ile kilikuwa povu la mayai na mkono wa mtu. Alifunga uma mbili kwa uzi, akaketi na bakuli mapajani, akapiga mayai na sukari mpaka yakawa meupe na mazito, na nilipompokea nikapumzika kidogo tu akanipiga kifundo cha mkono kwa mwiko. “Ukisimama, nayo inalala.” Tulikuwa tumefunga, jua la kiangazi linachoma mabati, na harufu ya hiliki imejaa kila mahali, ilikuwa adhabu tupu. Hakuonja. Wapishi wengi wa Ramadhani huonja kwa ncha ya ulimi na kutema, na masheikh wanawaruhusu. Yeye hakufanya hata hivyo. Alisikiliza. Aliinamisha sikio juu ya bakuli, akiamini mchanganyiko ukiwa tayari unanong'ona badala ya kubwabwaja. Samli aliyotia ilikuwa ya vyombo vyetu wenyewe vya maziwa, vile vinavyofukizwa moshi wa mti ili maziwa yasiharibike, kwa hiyo keki yake, chini ya utamu na chini ya nazi, ilikuwa na harufu ya mbali ya moshi, harufu ya nyumba za kuhama za bibi zetu. Mgeni angedhani imeungua. Sisi tungeitambua gizani.

Oveni hatukuwa nayo. Alitandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaweka ndogo ndani yake, makaa machache chini, kisha akapalia makaa juu ya kifuniko, na akakaa mbele yake akiyahamisha kwa koleo, moja huku, moja kule, kama mtu anayecheza bao na adui. Tabaka moja, kisha la pili, kisha la tatu. La pili lilizama katikati. Niliona uso wake ukibadilika, nikaogopa, kwa maana mayai yalikuwa yamekwisha. Alilitazama, akalishika kwa viganja viwili, akaligeuza juu chini, akajaza nazi pale palipozama na kuweka la tatu juu yake. “Kila nyumba ina mtu aliyezama katikati,” akasema, “na paa linakaa.” Kisha akaifunika yote kwa nazi nyeupe, mpaka ikawa safi kama kofia ya sheikh. Tukaiweka sandukuni, juu ya nguo za Adeer, mbali na sisimizi, tukatoka nje kutafuta mwezi na watu wengine wote.

Vumbi lilikuwa limejaa upande wa magharibi. Watu walisimama juu ya madebe na juu ya malori mabovu, mzee mmoja akaapa ameuona, akaulizwa pembe zake zilielekea wapi, akajibu vibaya. Sheikh wetu akasema mwezi haukuonekana, kesho tunakamilisha thelathini. Tulikuwa hatujamaliza kunawa mikono ya futari redio ikatangaza kwamba mwezi umeonekana kwingine na kesho ni Idi. Miaka mingine jambo hili lilizua mabishano ya kawaida, kila mtu akafuata alichoamini, tukasameheana kwa sambusa. Mwaka ule kufuata redio ya Nairobi au kutoifuata halikuwa jambo la mwezi peke yake. Mtaa wetu, karibu wote, uliamua kufunga. Lakini kambi ilifuata redio. Chakula kingepokelewa asubuhi inayofuata na si siku nyingine. Nilisikia wanawake wakimjia Habaryar mmoja mmoja, wakipenya nyuma ya nyumba kwa kuogopa doria, wakiulizana upande wa pili wa mikeka kama inafaa kupeleka chakula cha Idi siku isiyo Idi, na nilimsikia akiwajibu kwamba sufuria haifungi saumu, ibebeni.

Asubuhi tulikuwa wanawake wengi kwenye lango la kambi, mstari mrefu juani, kila mtu na chake: nyama kavu ya nyirinyiri, anjera, wali, tende. Tulikuwa watulivu mpaka tuliposikia amri mpya. Inspekta aliyekuwa mezani, kijana ambaye hatukuwahi kumwona na ambaye hatukumwona tena, alisema kila aliyepika lazima aonje chakula chake mbele yake, kisije kikawa na sumu. Nadhani mahali fulani jambo lilikuwa limetokea, au lilivumishwa. Siku zile vilikuwa kitu kimoja. Wale wachache waliofuata redio walionja wakapita. Faduma, aliyekuwa mbele yetu, alisema amefunga. Inspekta akasema leo ni Idi. Faduma akasema kwake si Idi. Basi, akaambiwa, rudi na chakula chako. Alisimama pale na sufuria yake ya wali, mwanamke ambaye sikuwahi kumpenda sana, akautazama wali wake, lakini hakula. Akatoka mstarini akakaa pembeni. Wa pili naye akafanya vivyo hivyo. Kisha ikawa zamu yetu.

Inspekta akafunua sufuria yetu, akaiona keki, akashangaa. Akaamuru ikatwe, ifunguliwe tabaka kwa tabaka, aone kilichofichwa ndani. Askari mmoja akanyoosha mkono na kisu cha bunduki. Habaryar akauzuia mkono ule, taratibu, kama unavyomzuia mtoto asiguse chai ya moto. “Abana,” akasema kwa Kiswahili chake. “Mimi nabika, mimi nakata.” Akatoa kisu chake mwenyewe, akakata, akainua matabaka moja baada ya jingine, akaonyesha nazi na shimo la tabaka la pili na kila kitu. Alikuwa ametaka ifike nzima. Niliona jinsi alivyoyarudisha matabaka, kila moja mahali pake, na kuyasawazisha kwa ubapa wa kisu. “Onja,” akasema inspekta.

“Leo sisi nafunga, bwana mkubwa. Mwezi hatujaona.”

“Redio imesema ni Idi.”

“Redio haina macho.”

Watu walicheka nyuma yetu, kisha wakaficha midomo kwa mitandio. Nikasema mimi nitaonja, nami nilikuwa nimefunga kama yeye. Inspekta akaniuliza kama mimi ndiye niliyepika. Nikasema nilipiga mayai. “Nimeuliza aliyepika,” akasema. Koplo Mwendwa alikuwa amesimama karibu na lango, na alijua vizuri mayai yale yalitoka wapi. Akainama kidogo akasema kwa sauti ya chini, “Mama, serikali imesema ni Idi. Sema tu ni Idi, ule, tumalize.” Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa. Ilimtosha kusema amefuata redio. Hakuna mtu duniani angemlaumu, hata Mola, nadhani, asingemuuliza zaidi. Habaryar alimtazama kwa shukrani ya kweli. “Koblo,” akasema, “kwangu mimi leo ni thelathini.” Kisha akashika kisu akakata kipande. Hakumega kijichembe cha kuhadaa. Alikata kipande kikubwa, cha mgeni.

Faduma akapiga kelele kutoka pembeni, kwa Kisomali, “Dahabo, usile! Ni Ramadhani!” Habaryar akageuka, kipande kiko mkononi. Nayaandika hapa maneno yake kwa Kiswahili, nikijua yanapungukiwa. “Siku ya Ramadhani hulipwa, Faduma. Gedi nikimkosa, nitamlipa kwa nini?” Akasema Bismillahi. Akala. Alitafuna na kumeza mbele ya inspekta, mbele ya askari, mbele ya mtaa mzima uliomjua kuwa mtu asiyeonja hata mchuzi, akala mpaka kipande kikaisha, na macho yake hayakushuka chini hata mara moja. Koplo ndiye aliyeshusha yake. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yeye saa ile, na nimeishi muda mrefu, nimekutana na watu waliopewa nishani.

Tulirudi nyumbani. Alipofika alisukutua kinywa, na kutwa nzima hakuweka kitu mdomoni, hata maji, akajizuia kama waliofunga, ijapokuwa siku yake ilikuwa imekwisha kuharibika na alijua. Jioni wanawake wawili waliomtakia mema walikuja wakamshauri aseme alikuwa amefuata redio, maneno yataisha. Niliwasikia kupitia mikeka. “Sikufuata redio,” aliwajibu. “Nilikula Ramadhani. Mkiulizwa, semeni hivyo.” Kesho yake ilikuwa Idi yetu. Alivaa, akasali, akatoa mkono kwa kila mtu, na wengine hawakuupokea. Faduma aligeuza uso. Ilimchukua mpaka mvua za gu, yaani za masika, ndipo akaja kuomba chumvi, na Habaryar akampa chumvi na sukari juu yake, lakini siku ile ya Idi hakuna aliyejua kama mvua zitakuja. Mimi nilikuwa na hasira na mtaa mzima. Yeye nadhani hakuwa na nafasi ya hasira. Kila hatua iliyosikika nje ilimfanya anyanyue kichwa. Keki ilikuwa imeingia. Kama imeliwa au imesukumwa kando, hakuna aliyetuambia.

Siku ya pili ya Idi watu walikuwa wanakula. Ndiyo kazi ya siku hiyo. Hata mwaka ule wa uhaba kila nyumba ilikuwa na kitu kinachokaangwa, na watoto walipita na midomo inayong'aa mafuta. Habaryar alikuwa amefunga. Aliamka kabla ya alfajiri, akanywa maji, akaanza kulipa deni lake siku ya kwanza iliyoruhusiwa, kwa maana Idi yenyewe haifungwi. Hakumwambia mtu. Alikuwa ameketi mlangoni akishona mkeka uliotoboka, alasiri, nilipomwona Mama Mueni akija kwa njia kubwa na sufuria yetu mkononi. Hakuna mke wa askari aliyewahi kuingia mtaa wetu tangu vita vianze. Watu walisimama wakamtazama. Alikuja moja kwa moja mpaka kwetu, akakaa, akavua viatu kwa adabu, nikamletea chai, na akaona kwamba nimeleta kikombe kimoja.

“Basi alisema kweli,” akasema Mama Mueni, akimtazama Habaryar. “Mzee wako alisema leo nitakukuta umefunga.”

Habaryar akaweka chini sindano ya mkeka. Mama Mueni akasimulia polepole ili tuelewe, na mahali Habaryar alipokwama nikamtafsiria. Koplo alimpelekea Adeer keki, akaiweka mbele yake, na Adeer akaigeuzia mgongo kama vyakula vingine. Koplo si mtu wa maneno. Akasema tu, “Mzee, mama amekula hii pale langoni.” Adeer akauliza, mama gani. Koplo akasema, bibi yako. Adeer akauliza, usiku? Koplo akasema, mchana, mbele yetu, na wenzake wanampigia kelele. Adeer akageuka. Akamwambia Koplo arudie. Koplo akarudia. Akamwambia arudie tena. Kisha akavuta sufuria karibu naye akaifunika kwa kitambaa chake, akakaa nayo kutwa nzima bila kuigusa, kwa kuwa naye alikuwa amefunga, na jua lilipozama akanawa mikono akaanza kula. “Alikula mpaka wenzake wakaogopa tumbo lake,” akasema Mama Mueni. “Na jana alikula uji. Leo ameomba nyama.”

Akafunua sufuria. Ndani, juu ya karatasi safi, kulikuwa na kipande kimoja cha keki, matabaka yote matatu, nazi imeanza kukauka pembezoni. “Hiki hakuruhusu mtu akiguse,” akasema. “Alisema, mpelekee siku ya pili ya Idi yetu. Atakuwa analipa, namjua. Afungue nacho.”

Habaryar alijifunika uso kwa mtandio. Langoni hakulia, wala siku aliyokuja mtu wa Balambala, wala Faduma alipomgeuzia uso mbele ya watu. Sasa alilia mabega yakitikisika, na Mama Mueni, ingawa hawakuwa na lugha nzuri kati yao, alimshika goti tu, akabaki hapo mpaka saa ya kutotembea ilipokaribia ikambidi aondoke. Tulibaki wawili. Kipande kilikuwa mbele yetu juu ya sahani, na tulikitazama mpaka adhana ya magharibi. Akasema Bismillahi, akala, safari hii polepole, akiokota kila chembe ya nazi iliyoanguka kwenye sahani.

“Amekula,” akaniambia. Nilikuwa nimeketi hapo muda wote na kusikia kila kitu kwa masikio yangu. Akanishika mkono, akaniambia tena. “Habaryar, Gedi amekula.”